Mateka wa Chumba cha Pili

Nilijiunga na jeshi la adui kwa sababu moja tu: nilitaka mume wangu anikamate mateka.

Msinicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze kilichonifikisha huko.

Naitwa Katungu, Mnande wa Butembo, naishi hapa Goma. Mume wangu ni Akonkwa, Mshi wa upande wa Bukavu. Mtu mpole, karani, hana makelele. Wanawake wa mtaa huniambia nimebahatika kupata mume kama yule, na kila anayeniambia hivyo namwangalia mara mbili.

Nina wivu. Sijifichi.

Ndoa yetu baba hakuitaka. Muzee Kamate ni mfanyabiashara wa maharagwe, maisha yake yote ameyapitisha juu ya malori. Nilipomwambia ninaolewa na Mshi, aliapa mbele ya wajomba na baba wadogo kwamba hatanisemesha tena. Akafunga namba yangu. Kisha vita vikafunga njia ya Butembo, hata kwenda kumpigia magoti kukashindikana.

Kwa hiyo nilibaki na Akonkwa tu. Nikimkosa yeye, sina pa kurudi, labda nilale chini kwa mama mdogo, tante Marie-Louise, kule Majengo.

Basi. Vita vikafunga na bureau, ofisi yao ya kazi. Akonkwa akawa anashinda nyumbani, akaanza mchezo wa simu unaoitwa Frontière.

Ni vita vya mtandaoni. Unachukua jina na cheo, unaingia Jeshi la Mlima au Jeshi la Mto, na kila kitu mnakiandika: nimejificha nyuma ya jiwe, nimekuona, weka silaha chini. Sisi tuliokimbia mabomu na magodoro kichwani, mume wangu akaenda kutafuta vita vingine ndani ya simu.

Jeshi la Mlima wakampa kambi ya mateka aisimamie. Na sheria ya mateka huko haina mchezo. Hupigi, hutukani. Kila jioni lazima umuulize kila mateka kama amekula, naye lazima ajibu kabla giza halijaingia. Asipojibu, amekufa njaa. Jina linafutwa na hawezi kurudi.

Sikuwa na neno, mpaka siku simu yake ilipoita yeye akiwa anaoga.

Mateka mmoja aliitwa Caporale Mignonne. Picha yake ilikuwa msichana mwenye kofia ya jeshi na midomo myekundu kama pilipili.

Nikasoma.

"Ulisha kula?" Akonkwa alikuwa amemuuliza.

"Nilisha kula. Na ye?"

"Ye pia. Leo alipika sombe na sambaza. Alikula muzuri."

Sombe na sambaza, majani ya muhogo na dagaa, ni mimi niliyepika. Huyo "ye" ni mimi.

Nikapanda juu, siku za nyuma. Kila jioni Mignonne ananiulizia, kila jioni mume wangu anajibu. Iko na mafua. Alishona kikwembe ya mupya. Leo alicheka. Yaani wamenigeuza habari yao ya kupigia soga!

Akonkwa alipotoka bafuni alinikuta na simu mkononi.

"Mignonne ni nani?"

"Ni mufungwa."

"Mufungwa wa nani?"

"Wa vita, Katungu. Siwezi kukuambia zaidi. Niliapa."

Mwanaume akikuambia amemwapia mwanamke mwingine, unangoja nini tena? Nilijaza nguo zangu kwenye begi, nikaliweka nyuma ya mlango. Lakini sikutoka. Nilitaka kwanza nimfikie huyo Mignonne, nimpe maneno yake, ndipo niende Majengo nikiwa na ushahidi.

Ndivyo nilivyoingia Jeshi la Mto. Jina langu: Sergent Radi.

Jumapili baada ya misa, Akonkwa alikaa sebuleni na simu yake, mimi jikoni na yangu. Wenzangu wa Mto waliandika kwamba wanatambaa kwenye majani. Mimi niliandika kwamba ninapita katikati ya uwanja nikiimba.

Nilikamatwa palepale.

"Weka silaha chini," Akonkwa akaandika. "Identité?"

"Sergent Radi. Natoka Kisangani."

Simu yangu ililia pale jikoni, nikaizika ndani ya beseni la unga wa muhogo. Ikalia tena humohumo. Sebuleni nilimsikia akikohoa kidogo, kisha ukaja ujumbe mwingine: "Mufungwa Radi, chumba cha pili. Utakaa na Mignonne."

Nilichokitafuta kimeletwa mpaka mlangoni.

Mateka wa chumba kimoja wanaruhusiwa kuandikiana. Sikupoteza muda.

"Weye njo Mignonne?"

"Njo miye. Karibu. Hapa banatutunza muzuri."

"Naona vile unatunzwa. Huyu commandant iko na bibi. Unajua?"

"Najua."

"Na hauna haya?"

Aliandika polepole, kama mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja.

"Ule bibi ni mutoto yangu."

Nilifuta unga kwenye kioo cha simu, nikasoma upya.

"Mutoto yako namna gani?"

"Miye ni muzee Kamate wa Butembo. Hii simu niliinunua kwa mutu, na jina na picha ya Mignonne ndani, sijui namna ya kuitoa. Malori inalala, nikaanza kucheza. Siku banikamata, mulinzi akauliza identité. Miye nilizoea mabarrière. Nikatoa jina yangu, jina ya baba, na kijiji. Naye akasema yake: kumbe mulinzi ni mukwe yangu."

Baba yangu huyo. Aliulizwa jina na askari wa mchezo, akatoa la kweli kama yuko kwenye kizuizi cha njia ya Beni.

Nikaandika: "Ukafanya nini?"

"Nilitaka ninyamaze. Lakini akaniuliza kama nilisha kula. Tangu bibi yangu akufe, hakuna mutu ananiulizaka ile. Nikajibu."

"Na juu ya nini hautoke? Si banabadilishanaka bafungwa?"

"Ba Mto baliniita mara mingi, nikakatala. Nikitoka, nitauliza nani habari ya mutoto? Niliapa mbele ya familia sitamusemesha. Na mukwe naye nilimuapisha asimuambie."

Mnangoja niseme nililia. Hapana. Niliona wivu, mkubwa kuliko ule wa Mignonne. Kila jioni mume wangu anaongea na baba yangu, wanaulizana chakula kama ndugu, na mimi niko jikoni nakoroga bugali, sina hata bonjour.

Nilikwenda sebuleni na unga mpaka kwenye viwiko.

"Ulijua ni miye," nikamwambia Akonkwa.

"Simu ililia ndani ya unga, nikose kujua?"

"Na kiapo yako?"

"Niliapa sitakuambia. Sikuapa sitakufunga naye chumba moja."

Nikakaa karibu naye, nikaandika kule chumba cha pili: "Identité. Katungu, mutoto ya Kamate, wa Butembo."

Baba hakujibu.

Jua likaanza kushuka upande wa Sake. Akonkwa akamwandikia kama kawaida: "Ulisha kula?" Kimya. Nikaanza kuogopa kweli. Muzee yule hajawahi kurudi nyuma na kiapo chake. Asipojibu leo, jina linafutwa, na mimi nitakuwa nimempoteza baba kwa mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

"Muandikie tena," nikamwomba Akonkwa.

"Sheria ni mara moja tu."

Nje majirani walishaanza kuwasha taa. Ndipo simu ya Akonkwa ikalia.

"Nilisha kula," baba aliandika. Na chini yake: "Commandant, uliza ule mufungwa mwenzangu kama naye alisha kula."

Aliniulizia kwa mkwewe, ili kiapo kibaki kizima. Akonkwa alinigeukia bila kucheka.

"Mufungwa Radi, ulisha kula?"

Sikumjibu yeye. Nikaandika kule chumbani: "Bado, Papa."

Aliandika kwa muda mrefu sana, nikidhani anakuja na hotuba. Yakaja maneno mawili.

"Kula, Katungu."

Hapo ndipo nililia, nikala bugali baridi kwa machozi, na Akonkwa akamwandikia kwamba ninakula.

Jeshi la Mto walitaka kunibadilisha na mateka mwingine. Nimekataa. Lile begi nyuma ya mlango sasa nimeliwekea vitunguu.

Mtaniambia funzo ni kwamba wivu ni mbaya. Semeni ninyi. Mimi nimejifunza kwamba mtu aliyeapa kutokusemesha anaweza kuwa kila jioni anauliza kama umekula, ila hajui amuulize nani. Kama unaye wa namna hiyo, usingoje akuite. Jikamatishe.

Na wivu bado ninao, msidanganyike. Baba ameshafungua namba yangu, lakini jioni anaanza kumuuliza Akonkwa kama amekula, ndipo ananiuliza mimi. Hilo nimeliona, na sijalisamehe.