Pakiti Mbili za Udongo

Mama Kiwanja ana mambo mawili asiyoyavumilia: viatu vya njumu kwenye nyasi zilizomwagiwa maji sasa hivi, na mtu anayesema nyasi zinajiotea tu. Ametunza uwanja wa klabu kwa miaka kumi na tisa. Wachezaji wanaojiona miungu hushusha sauti wakipita mbele ya stoo yake. Kipa aliwahi kumtania kwamba anazipenda nyasi kuliko mumewe. Akamjibu, "Nyasi nikizikata hazilalamiki."

Mumewe, fundi cherehani, alikuwepo. Alicheka kuliko wote, kisha akauliza, "Ni mimi huyo?"

Mwaka huo nyasi ziligeuka njano. Si ile njano ya kiangazi, inayokuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Hii ilikuwa njano king'ang'anizi, ya mabaka mabaka, na maji yalipomwagwa haikushtuka. Nayo ilijua kuchagua wakati: ilikuwa imebaki miezi minne mkaguzi wa ligi afike. Uwanja ukifeli, mechi zote za nyumbani zingehamia kwa mahasimu wa ng'ambo ya reli.

Mwenyekiti wa klabu, mtu ambaye ushahidi wake pekee wa kuujua mpira ni tumbo lililofanana nao, akaleta magunia thelathini ya mbolea ya kupandia, ile yenye fosforasi nyingi.

"Mama, nyasi zina njaa. Mwenye njaa hupewa chakula."

"Na mwenye homa? Naye tumshindilie sahani tatu?"

"Usinifundishe. Mwaga mbolea."

"Simwagi hata kiganja kabla sijapima udongo."

"Na tukifeli?"

"Nitakuletea funguo za stoo kwa mkono wangu huu, niende zangu nyumbani."

Mwenyekiti akatabasamu. Dau hilo lilimpendeza.

Kesho yake asubuhi Mama Kiwanja aliosha ndoo mara tatu, maana ndoo iliyowahi kubeba mbolea hutoa ushahidi wa uongo. Akashika mwiko wa mwashi, akautembea uwanja kwa kupinda kama nyoka, akichota mahali kumi na tano, kina cha kidole kirefu, akitupa majani na mizizi ya juu. Akachanganya vyote, akavianika juu ya magazeti kwenye meza ya kulia chakula.

Fundi cherehani alirudi, akaitazama meza.

"Mke wangu, leo tunakula wapi?"

"Popote, ila usiguse hapo. Hapo upo uwanja mzima."

"Basi nikae benchi. Utaniingiza kipindi cha pili."

Udongo ulipokauka, nusu kilo ikaenda maabara. Kile ambacho Mama Kiwanja hakujua ni kwamba mwenyekiti naye alikuwa amepeleka pakiti yake, kimyakimya, ili amkamate akikosea.

Majibu yote mawili yalifika siku ileile, na katibu akayasoma mbele ya kamati. Karatasi ya Mama Kiwanja ilisema: udongo una asidi nyingi, nyasi zinashindwa kula hata kilichopo, fosforasi imejaa tele, msiongeze, wekeni chokaa ya kilimo kwanza, kisha naitrojeni kidogo kidogo. Karatasi ya mwenyekiti ilisema: udongo umejaa chokaa kupita kiasi, msithubutu kuongeza.

"Uwanja mmoja, majibu mawili!" mwenyekiti akapiga meza. "Hiyo ni maabara au mpiga ramli? Kesho magunia yanafunguliwa. Na wewe mama, lete funguo."

Mama Kiwanja hakutoa funguo. Alizisoma karatasi zote mbili, akarudia.

"Mwenyekiti, udongo huu wako ulichota wapi?"

"Katikati! Kwenye nukta yenyewe, moyo wa uwanja. Mimi sichoti pembeni kama mwizi."

Katibu akaanza kukohoa. Mama Kiwanja alicheka mpaka akashika kiti.

"Baba, huo moyo naupaka chokaa kila Jumamosi, mwaka wa kumi na tisa huu. Umewapelekea mistari yangu waipime!" Akafuta machozi. "Lakini umenisaidia. Twendeni nje."

Akawasimamisha kwenye mstari wa pembeni. Uwanja ulikuwa njano kila upande, isipokuwa kando ya mistari, pale mvua inapokokota chokaa: utepe wa upana wa kiganja, nyasi kijani kibichi, nene, zenye kiburi.

"Hizi nani kazilisha?" akauliza. "Mbolea yao ni ileile ya wenzao. Walichozidiwa wenzao ni chokaa. Na mimi nimekuwa nikiupita utepe huu kila siku, nikidhani weupe wa mstari unanidanganya macho. Kumbe uwanja umeniandikia dawa yake kwa herufi kubwa."

Mwenyekiti alitazama utepe, akatazama viatu vyake, akagundua kwamba ana simu ya haraka ya kupiga.

Chokaa ikamwagwa wiki ileile kwa kipimo cha karatasi, ikanyweshwa maji. Mwenyekiti alipita kila siku tatu. "Bado njano." "Bado mapema." Baada ya mwezi ndipo naitrojeni ya kwanza ikaingia, kidogo, kwa sababu ukiiweka siku moja na chokaa, mbolea hupanda hewani na kwenda kurutubisha mawingu. Magunia thelathini yalirudi dukani bila kufunguliwa, mwenyekiti akiyasindikiza kama msiba.

Mkaguzi alipofika alipiga magoti, akashika nyasi kiganjani, akazivuta. Hazikung'oka.

"Mmetumia mbolea gani?"

"Tumetumia sayansi," akasema mwenyekiti, kifua mbele.

Mama Kiwanja aliangalia mawingu. Funguo zililia mfukoni mwake. Uwanja ukapita.

Mwaka uliofuata, siku ya kuchota, mwenyekiti alifika mwenyewe, viatu vinang'aa, akaomba mwiko. Akapewa, pamoja na ndoo iliyooshwa mara tatu. Akatembea moja kwa moja, kwa uhakika mkubwa, akasimama, akainama.

"Si hapo, baba."

Akainua mguu. Soli yake ilikuwa na duara jeupe: nukta ya penalti. Akarudi nyuma hatua kumi akizihesabu, kama mtu anayejiandaa kupiga, ndipo akachota.