Kamba ya Katani katika Ghala la Silaha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye ghala la silaha la Kilosa saa moja kasoro robo asubuhi, nimevaa suruali niliyoipiga pasi mara mbili. Fundi Mkuu wa Silaha, mstaafu wa jeshi aliyekuwa hasikii vizuri sikio la kulia, hakuulizia barua yangu ya ajira. Alinipa bunduki ndefu ya kitako cha mti na risasi moja ya mazoezi, ile isiyo na baruti.

"Itie kwa mbele," akasema. "Ncha kwanza."

Niliitia kwenye mdomo wa mtutu. Ilizama kidogo, ikagoma. Akanipa bunduki ya pili, na humo risasi ilizama mpaka shingo ya ganda, nusura inikwame.

"Ya kwanza inaona," akasema. "Ya pili hata mkongojo ni afadhali. Haya, zipime zote mpaka mchana."

Ndivyo nilivyoanza ufundi. Nyinyi vijana mnaopokea silaha mpya zikiwa bado na mafuta ya kiwandani hamtajua taabu ile. Kikosi chetu kilikuwa cha askari wanyamapori wa kulinda mashamba, na bunduki zetu zilikuwa masalio ya majeshi: zilipigana vita vya watu wengine, zikalala maghalani, kisha zikaletwa kwetu zifukuze nyati na viboko. Nyingine zilikuwa na mihuri ya serikali mbili juu ya chuma kimoja.

Niwaeleze kwa ufupi mtutu unavyochakaa, maana wengi hudhani unachakaa kwa kupigwa tu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka. Hiyo ndiyo huizungusha risasi ili ipae ikiwa imenyooka. Kwa nyuma, karibu na chemba inapokaa risasi, moto wa baruti huila mifereji kidogo kidogo. Katikati huliwa na kutu, hasa kwa risasi za zamani ambazo ziliacha chumvi. Tulimimina maji ya moto kwa birika kuiyeyusha chumvi hiyo kabla ya kupaka mafuta. Kwa mbele, pale mdomoni, huliwa na mkono wa anayesafisha; mdomo uliolika ndio humeza risasi ya mazoezi mpaka shingo. Mdomo ndipo mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukilika upande mmoja, moshi wa baruti hutangulia kutokea upande huo na kuisukuma risasi pembeni. Mlengaji anaweza kuwa hodari kuliko wote wilayani, na bado akakosa tembo mchana kweupe.

Fundi Mkuu alinifundisha yote hayo kwa miaka minne. Alinifundisha pia kwamba kamba ya kusafishia, ile yenye kitambaa nyuma, huvutwa imenyooka na mtutu, haigusi mdomo. Nilisikia, nikaitikia.

Kisha nikahamishiwa Mikumi kufungua ghala dogo. Huko nilikuwa peke yangu na askari kumi na wawili. Kamba za kusafishia zilipokwisha niliandika barua tatu kuomba nyingine, sikujibiwa. Nikamtuma rafiki yangu wa Rudewa, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, anisokotee kamba za katani. Alisokota nzuri, ngumu, nyembamba. Nikapigilia msumari kwenye mwimo wa mlango, nikafunga kamba pale, na askari badala ya kuvuta kamba akawa anavuta bunduki kwa nguvu zake zote. Mtu mmoja alisafisha mtutu kwa dakika mbili. Nilijiona mjanja kweli.

Mkuu wa Kikosi alikuja kukagua. Alikuwa mtu wa kupenda vitu ving'ae. Alichungulia mitutu mmoja baada ya mwingine akielekeza jua, akacheka.

"Fundi, hii ndiyo kazi," akasema. "Nataka kamba hii maghala yote."

Mwaka uliofuata Fundi Mkuu alistaafu, na mimi nikarudishwa Kilosa kukalia kiti chake. Sitaki kujidanganya: nilipandishwa cheo kwa ajili ya kamba ile.

Sasa niwajulishe kwa Masanja. Alikuwa askari wetu, kijana wa Msowero, mtoto wa wakulima waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao. Alikuwa mpole na mlengaji mzuri mno, na hakuonja pombe kwa sababu ya kanisa lake. Msimu mmoja nyati aliingia kwenye mahindi ya watu wa Kidete, kando ya Mto Mkondoa, na Masanja akatumwa. Alimpiga nyati kwa umbali wa hatua arobaini tu. Risasi haikuingia begani alikolenga, iliingia tumboni. Nyati aliyejeruhiwa akakimbilia vibandani akamvunja mzee mmoja mkulima mguu, mara mbili, chini na juu ya goti. Yule mzee hakutembea tena bila magongo.

Watu wa Kidete walikasirika, na walikuwa na haki. Ikasemwa Masanja alikuwa amelewa. Akasimamishwa kazi, na Mkuu wa Kikosi akaniita.

"Bunduki ilikuwa nzima?" akauliza.

"Nilitia saini wiki mbili zilizopita, mkuu."

"Basi kosa ni la mtu. Lakini ipime tena, nipate karatasi ya kumfukuzia."

Niliilaza bunduki ya Masanja juu ya magunia ya mchanga, ili mkono wa mtu usihusike, nikapiga tano kwenye ubao kwa hatua hamsini. Matundu yalitawanyika kama mtama uliomwagika, na moja lilikuwa refu: risasi ilifika imelala ubavu. Nikachukua risasi ya mazoezi, nikaitia mdomoni. Ilizama mpaka shingo ya ganda. Nikaugeuza mtutu kwenye mwanga. Ndani ulimetameta, lakini mdomo haukuwa tena duara. Ulikuwa umelika upande wa chini, mchirizi mmoja laini, upana wa kamba.

Nikazitoa zote zilizokuwa ghalani. Karibu nusu zilikuwa na mchirizi uleule, upande uleule. Nikageuka nikaitazama kamba ya katani pale mlangoni: msumari ulikuwa chini, na kila mvuto uliilaza kamba juu ya mdomo. Nyuzi za katani zikilowa mafuta hukamata vumbi, na vumbi la Kilosa mnalijua. Tulikuwa tunasugua chuma kwa msasa, kila asubuhi, kwa amri yangu. Na wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetia saini kwa kuchungulia mng'ao tu, bila kuipima kwa risasi kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Nikakaa juu ya sanduku.

Ripoti niliyoandika ilikuwa na sentensi moja muhimu: mtutu umechakaa kwa umri. Haikuwa na neno kamba. Masanja alirudishwa kazini baada ya miezi minne, na siku hiyo alikuja ghalani na mkewe, wakaniletea jogoo na mchele.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Masanja."

"Kijijini walikuwa wananiita mlevi, hata kanisani. Umenifuta aibu."

Nilipokea jogoo. Kamba ya Kilosa niliichoma moto jikoni, nikawaambia askari zimekuja za pamba. Ya Mikumi sikuigusa. Ningeiondoa kwa sababu gani? Nilijiambia zile bunduki ni chache, na kwamba nitatafuta namna. Sikutafuta. Niliogopa kushushwa cheo, basi, hakuna zaidi ya hapo.

Mwaka ulipita. Nilikwenda Mikumi kwenye ukaguzi wa kawaida. Masanja alikuwa amehamishiwa huko, na nilipoingia alikuwa amesimama mlangoni mbele ya askari wapya wanne. Bunduki ilikuwa mikononi mwake. Kamba ilikuwa kwenye msumari wangu uleule.

"Mnaona?" alikuwa anawaambia. "Unavuta bunduki, si kamba. Huu ni utaratibu wa Fundi mwenyewe, yule aliyeniokoa." Akaniona, akafurahi. "Fundi, shikamoo! Nawafundisha kazi yako."

Niliwaomba wale wanne watupishe. Nikampa risasi ya mazoezi, nikamwambia aitie kwenye mdomo wa bunduki aliyoishika. Ilizama mpaka shingo. Kisha nikamwambia yote, kuanzia Rudewa mpaka jogoo.

Kidole chake kilipapasa mdomo wa mtutu upande wa chini.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Na hawa vijana kesho ningewapeleka porini na bunduki hizi."

"Ndiyo."

Akaifungua kamba kwenye msumari, akaikunja vizuri, akanipa. "Andika, Fundi," akasema.

Niliandika ripoti mpya usiku uleule na kuipeleka Kilosa kwa mkono wangu. Mkuu wa Kikosi aliisoma mara mbili.

"Ya kwanza umetia saini wewe, na ya pili wewe. Niamini ipi?"

"Hii, mkuu. Ile niliandika kwa woga."

Mitutu yote yenye mchirizi ilikatwa kwa msumeno isitumike tena. Mimi nilishushwa, nikamaliza utumishi wangu nikiwa fundi wa kawaida kwenye ghala lilelile, chini ya kijana niliyemfundisha mwenyewe. Sikuonewa. Kidete nilikwenda kumwomba radhi yule mzee wa magongo. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimekula, hakusema kama amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Nimestaafu sasa. Watu hunitania kwamba fundi silaha mzima analima bustani ya nyanya. Sina kinyongo na kazi ile; nikipita ghalani bado napenda harufu ya mafuta ya bunduki.

Masanja alirudi Kilosa, tukafanya kazi pamoja miaka sita ya mwisho. Tangu siku ile ya Mikumi hakunishukuru tena kwa lolote. Alinipa shikamoo yangu kila asubuhi kama inavyopasa. Lakini kila nilipomkabidhi bunduki aliomba kwanza risasi ya mazoezi, akaitia mdomoni kwa mkono wake, mbele yangu, akatazama imezama kiasi gani, ndipo akatia saini.