Siku Niliyoona Uvivu Kupima Uzi

Kuna aibu ambayo mtu huificha mpaka nywele zikaota mvi, na hii yangu nimeificha vya kutosha, kwa hivyo wacheni niseme wazi kwamba ile sweta iliyotaka kumnyonga pasta mbele ya kanisa zima hapa Pap Onditi ilifumwa kwa uzi niliosokota mimi, kwa mikono yangu hii.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, nikiwa nimeolewa juzijuzi tu. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na magurudumu mawili ya kusokotea na mwalimu mmoja, Mama Rispa, mjane kutoka Sondu, mpole, mtu wa maneno machache. Katika kusokota nilikuwa mwepesi kuliko wenzangu wote (na nilijua, na ndiko shida ilikoanzia).

Mama Rispa alitufundisha kupima uzi mara mbili. Kwanza unauzungusha kwenye rula na kuhesabu mizunguko inayojaza inchi moja, hapo unajua unene. Halafu unachukua uzi wa urefu wa mikono iliyonyooshwa mara ishirini, unaupeleka dukani kwenye mizani, hapo unajua umebeba sufu kiasi gani.

"Unene peke yake utakudanganya," alituambia. "Uzi uliokazwa umejaa sufu ndani, uliolegea umejaa hewa, na kwa macho ni kitu kimoja."

Basi pasta wetu akapata uhamisho kwenda upande wa Kericho kwenye baridi, tukaamua kumpa sweta ya kumuaga. Siku ya kumuaga angekuja pia Bwana Salim, mwenye duka la nguo Kisumu, aone kazi yetu, na akiipenda atuagize sweta za kuuza. Mama Rispa akaitwa kwao kuuguza dada yake, akaniachia sufu. "Hii inatosha kabisa," akasema, "lakini usisahau mizani."

Nilizungusha uzi kwenye rula, ukakaa vizuri. Duka lilikuwa ng'ambo ya soko, jua lilikuwa kali, nikajiambia macho yangu ni mizani tosha. Nikaendelea kusokota kwa nguvu, nikikaza na kukaza (nilidhani uzi uliokazwa ndio imara), na mwenzetu aliyepewa kufuma mgongo alipomaliza, sufu ilikuwa imekwisha, na kifua hakijaanzwa.

Hapo ningesema. Badala yake nikaenda Sondu kimyakimya, nikanunua sufu nyingine kidogo, nikaisokota mbiombio na kuilegeza ili ifike, nikaipima kwa rula, mizunguko ileile, nikampa mwenzetu mwingine wa kufuma kifua. Jumamosi nilipounganisha vipande nilisikia mgongo mzito mkononi kama gunia lililonyeshewa na kifua chepesi kama pamba, lakini nikajituliza kwamba ikivaliwa itajipanga.

Jumapili pasta akaivaa palepale, mbele ya watu, akashukuru, akaanza kuhubiri. Mgongo ukaanza kushuka kwa uzito wake, ukavuta mabega nyuma, na kola ya mbele ikapanda kooni. Akaishusha kwa kidole, ikapanda tena. Mahubiri yote aliyafanya mkono mmoja ukiwa kooni, na alipoinua mikono yote miwili kutubariki, kifua cha sweta kikaruka juu mpaka tukaona mshipi na vifungo vya shati, huku nyuma imemfunika kama koti la mvua, na sauti ikakatika katikati ya baraka. Watoto wakacheka, halafu na wakubwa. Pasta, Mungu ambariki, alikohoa akamaliza, lakini macho yalikuwa yamelowa.

Nje, Bwana Salim aliomba kuiona. Akashika mgongo kwa mkono huu, kifua kwa mkono ule.

"Mama zangu," akasema taratibu, "hizi ni nyuzi mbili tofauti. Nani amesokota?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mama Rispa, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka kwa mgonjwa, akasema, "Mimi ndiye mwalimu wao, Bwana. Kosa ni langu."

Bwana Salim akaikunja sweta kwa heshima, akaaga, akaondoka bila kuagiza hata moja. Nami nilikuwa nimenyamaza.

Siku tatu sikula vizuri. Nikimwona Mama Rispa njiani nilikatia shambani. Siku ya nne tulipokutana kusokota nilisimama, nikawaeleza yote, duka nililoona mbali, safari ya Sondu, mgongo niliousikia mzito nikajidanganya.

Hakuna aliyeshtuka. Aliyefuma kifua aliendelea kuchambua sufu yake, kisha akasema bila kuniangalia, "Tulijua, Mama. Uzi ulipita mikononi mwetu. Mwalimu ndiye aliyetuambia tungoje useme mwenyewe."

Nikamgeukia Mama Rispa. Alisogea kidogo kwenye benchi, akanipisha, nikakaa.

Tangu hapo sijasokota uzi bila kuupima kwa mizani. Lakini niliyoapa siku ile ni jambo jingine: mtu asisimame tena kubeba kosa langu nami nipo hatua tatu, nina mdomo.