Nilimuficha munganga ngozi yangu

Ndugu zangu, kosa ni langu. Si shetani, si muke mwenzangu, si yule aliyeniuzia mafuta. Ni mimi na kiburi yangu. Jina langu muniachie, hapa Kasongo tunajuana mupaka mbuzi.

Miaka mbili nilijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Watu wa soko waliniuliza, "Mama, mbona rangi inageuka?" Nikawajibu bila haya: "Babu yangu alikuwa Mwarabu. Damu yake ndiyo inaanza kutokea." Inatokea nikiwa na miaka makumi ine na sita! Na viungo vya vidole vilibakia vyeusi tii, nazani babu hakufika huko.

Basi ngozi ikanigeukia. Mashavu yakaungua, jua likinigusa ninalia. Nikaacha meza yangu ya vitenge sokoni. Nikajifunika uso na kitambaa, nikasema ni dini. Watu wa musikiti wakanisifu, maskini!

Halafu Salima, binti yangu wa kwanza, akapata muchumba kule Kabambare. Ndoa ilibakia mwezi moja. Safari ni ya pikipiki, jua kutwa. Na uso huu nitafikaje?

Siku zile munganga mumoja wa hospitali, musichana mugeni, akapita lupango kwa lupango, nyumba kwa nyumba, na fishi yake: karatasi ya maulizo kumi, ya kupima namna ngozi inamuharibia mutu maisha. Shida ikizidi, pointi zinazidi. Akakaa mbele yangu. Lakini wifi yangu Zuhura alikuwa pale anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ni yeye aliyetangaza habari za babu mupaka Nyangwe. Maulizo yalipoanza, mutwangio ukanyamaza.

"Wiki hii ngozi ilikuwasha ao kukuuma?"

"Hata kidogo!" Chini ya kitambaa jasho inanichoma.

"Ilikuzuia kwenda sokoni?"

"Mimi? Ninapumzika tu."

"Inakuletea shida na bwana yako?"

"Ananifurahia sana!" Bwana iko na miezi tatu analala kwa watoto, anasema na mafuta yale ninanuka bateri.

Munganga akaangalia vidole vyangu. "Mama, sema ukweli, ni kwa faida yako."

"Nimekwisha kusema!" Nilikasirika kweli, kama mutu asiye na kosa.

Akajumlisha pointi: sifuri. Zuhura akapiga vigelegele, wallahi!

Juma iliyofuata majina yakasomwa. Wenye pointi nyingi waende kwa dokta wa ngozi, dawa bure. Zuhura, mwenye vipele viwili vya joto, alipoulizwa yeye alikuwa amelia mbele ya fishi. Akapata pomadi na sabuni! Nikamukimbilia munganga: "Mwanangu, uanze upya maulizo."

"Mama, dawa zimekuja kwa hesabu ya fishi. Umesema mwenyewe, ngozi haikusumbui."

Siku ya safari nilipanda pikipiki. Hatukufika mbali, mashavu yakapasuka, dereva akanirudisha. Kule kwenye ndoa, Zuhura ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama, uso laini.

Salima akanipigia simu, analia: "Mama, watu wa bwana yangu wanauliza kama uko muzima."

Munajua nilimujibu nini? "Waambie niko na malaria." Ee Mungu, hata pale!

Wamama, musinifuate. Mutu akikuuliza panauma wapi, hata wifi akiwa amekaa hapo, onyesha! Sikumuona mutoto wangu akiolewa, na hataolewa tena mara ya kwanza ili mimi nipate kuona.