Maana ya Tatu ya Ritriti

Jioni moja kambini, kabla hatujapelekwa Burma, nyuki alitua puani pangu nami nikamfukuza. Kosa langu ni kwamba tarumbeta ilikuwa inalia na bendera ya Mwingereza inashushwa. Kila jioni sajini alipotamka "Ritriti!", ilimpasa kila mtu asimame wima pale pale alipo, asipepese hata jicho. Kwa ajili ya yule nyuki nilizunguka uwanja hadi giza likaingia, gunia la mchanga kichwani.

Rafiki yangu Felisiani, mtu wa Izimbya, alicheka hadi akaketi chini. Alikuwa amesoma seminari kidogo kabla ya kuingia jeshini, akaniambia kwamba kwa mapadre neno hilo hilo ni mafungo: siku tatu za kusali bila kusema na mtu. Mimi, mkulima wa Buganguzi, nilishika maana ya sajini. Kama ilikuwapo maana ya tatu, hakuna aliyetufundisha. Sajini alisema jeshi letu huenda mbele tu.

Burma tulipewa kapteni mpya asiyejua neno la Kiswahili. Siku hiyo tulikuwa tumevuka kijito na kuingia kwenye mianzi, Wajapani wakaanza kutupiga risasi kutoka pande mbili. Kapteni akapaza sauti: "Ritriti!"

Nikasimama wima.

Mikono ubavuni, kidevu juu. Nilishangaa kidogo kwamba leo bendera inashushwa saa nane mchana.

Wenzangu walinipita mbio. Niliwahurumia kwa magunia ya mchanga yaliyokuwa yakiwangoja.

Risasi ikakata mwanzi karibu na sikio langu. Sikupepesa jicho.

Ndipo nikamwona Felisiani. Alikuwa amekwisha kuvuka kijito, yuko salama. Sasa alikuwa anakuja kwangu, ameinama. Akanishika mkanda.

"Laurenti, maana yake kimbia."

Tukakimbia, yeye nyuma akinisukuma.

Katikati ya maji sikuuhisi tena mkono wake.

Siku mbili baadaye tulirudi pale, tukamzika.

Vita vilipokwisha nilishukia Bukoba, nikakaa Bilele kwa binamu yangu wiki tatu, kana kwamba Izimbya, kwao Felisiani, iko nchi nyingine. Mara ya kwanza nilifika nusu ya njia nikageuka. Mara ya pili nilifika ukingoni mwa kibanja chao, nikamwona baba yake Felisiani akikata majani makavu ya migomba, nikarudi mbio, mbwa wake nyuma yangu. Kukimbia sasa nilikuwa nakujua.

Mara ya tatu mzee alikuwa ananingoja njiani. Alisema wanawake wa nyumbani kwake wanadhani mimi ni mwizi wa kahawa. Akaniingiza ndani, akaniwekea kahawa ya kutafuna, akanieleza juu ya barua ya serikali. Ilisema mwanawe alikufa kikosi kikirudi nyuma. Majirani waliisikia ikisomwa, na tangu siku hiyo hakwenda tena kunywa nao lubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Mwanangu alikuwa anakimbia?"

Nilikuwa na wiki tatu za kutunga uongo mzuri. Wote ukanitoka.

"Hapana, tata. Sisi ndio tuliokimbia. Yeye alirudi kunichukua."

Akauliza mimi nilibaki kufanya nini. Ilibidi nimweleze habari za bendera, na kwa kuwa hakuelewa, nikainuka nikasimama wima katikati ya nyumba yake. Mzee akaanza kucheka. Alicheka akishika mbavu, nami nikacheka, hadi nilipogundua kwamba mwenzangu alikuwa ameacha kucheka zamani na sasa analia.

Tulikaa hivyo. Kisha akauliza kama nimeoa. Nikasema bado.

"Basi oa," akasema. "Mwanangu hakurudi kwa ajili ya mtu mmoja tu."

Nimezaa watoto saba. Wajukuu wengine nawachanganya majina. Felisiani hakuacha hata mmoja. Huwa nawatazama wanangu wakila, na sijui kama wanatosha.