Pua za Mbuzi Kutoka kwa Kiarie

Kazi ya Oloo ilikuwa kubeba pua za mbuzi, na asikudanganye mtu, kazi hiyo inachosha. Mara mbili kwa wiki alitoka Lindi, Kibera, alfajiri, akatembea hadi Kawangware kwa Kiarie, mwenye ploti na bucha, awahi vichwa kabla havijababuliwa kwa supu. Kisha alishika njia ya maabara ya dawa alikokuwa kibarua tangu mwaka wa tisini na tatu. Sasa ilikuwa tisini na saba, na magoti yalikuwa yameanza kumgomea.

Huko maabara, Daktari Wagaki alikuwa akitengeneza dawa ya kutuliza kifafa, ya kuwekwa puani. Dawa ya majimaji huteremka kooni kabla haijafanya kazi, kwa hiyo aliichanganya na polima, kitu kama uji mzito kinachonata kwenye ute wa pua na kung'ang'ania hapo mpaka dawa iingie mwilini. Aliijaribu kwenye pua za mbuzi. Oloo aliyaelewa hayo kuliko wale vijana wa makoti meupe, maana binti yake Celine, wa miaka minane, alikuwa na kifafa. Kikimkamata, meno hufungana, kidonge hakipiti, na sindano iko hospitali, mbali. Oloo alishajiambia kwamba dawa ile ni ya Celine.

Alhamisi hiyo wafadhili walikuwa wanakuja kutazama. Dawa ikinata, mradi ungeendelea. Ikiteleza, basi. Kiarie alimpokea kwa tabasamu pana.

“Oloo, leo nimekuonea huruma, bwana. Kila siku unabeba uchafu. Hizo nimekuoshea na maji moto na sabuni, hazina hata kamasi!”

Oloo aliingiza kidole katika pua moja. Ilikuwa kavu kama sahani.

“Aki Kiarie, umenimaliza.”

“Nimekumaliza aje na nimekuoshea?”

Vichwa vingine vilikuwa motoni tayari. Oloo akazichukua hizo hizo, akaondoka. Njiani alipiga hesabu za mtu aliyechoka: akinyamaza, nani angejua? Lakini dawa ingeteleza, na lawama zote zingeiangukia dawa. Alipofika hakungoja hata kusalimiwa.

“Daktari, hizi zimeoshwa. Hazina ute. Ukizitumia, dawa itateleza na si makosa yake.”

Daktari Wagaki alizigusa, akatazama saa ukutani.

“Wageni wanafika saa nane, mzee Oloo.”

“Kiarie huchinja tena saa nne. Nitarudi.” Hakutoka. Kulikuwa na swali alilolibeba miaka minne bila kuthubutu kuliuliza. “Daktari, ikinata leo, mtoto ataipata lini?”

“Mtoto gani?”

“Wangu. Ana kifafa.”

Daktari alivua miwani. “Mambo yakienda vizuri sana, miaka kumi. Pengine zaidi.”

Oloo alikuwa akifikiria Krismasi. Alitamani kuketi sakafuni alie kama mtoto. Miaka kumi, na Celine alikuwa ameanguka mara mbili wiki hiyo pekee.

“Lakini isiponata leo,” akauliza, “itakuwa miaka mingapi?”

Oloo akamwaga zile pua zilizooshwa, akarudi Kawangware.