Yadi Kumi za Bure

Mimi nauza vitenge Fordsburg, hapa Johannesburg, na kazi hiyo imenipa dini ya pili: cha bure hakikataliwi. Mteja akinisahaulia hata mfuko mtupu, naukagua mara mbili, kisha nauweka.

Na dini yangu hiyo nilitoka kwenye flati yetu ya Joubert Park Jumamosi moja, nikaenda Doornfontein kumtazama mwanangu. Shule yake ya sekondari ilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Kocha alikuwa amempa unahodha wa mechi moja tu, kwa majaribio. Akiamua vizuri, ni wake msimu mzima. Wiki ile hata ugali ulimshinda, na ugali haujawahi kumshinda.

Nilikaa na mama mmoja Mkenya, mtu wa benki, ambaye mwanawe naye alikuwa anacheza. Akanieleza: wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi kumi, wakishindwa, mpira unahama. Wakikosea, refa anatupa kitambaa cha njano, wanarudishwa nyuma, na kwa kawaida jaribio linarudiwa.

"Ila mliokosewa mnaweza kuikataa adhabu."

"Kukataa cha bure? Mjinga gani huyo?"

Mjinga alikuwa wa kwangu. Mechi inakaribia kuisha, tunaongoza kwa pointi chache, wapinzani wakarusha mpira kwenye jaribio la tatu, ukaanguka chini, jaribio likapotea. Na mmoja wao alikuwa amemng'ang'ania mtu wetu jezi. Kitambaa! Refa akamuuliza nahodha kama tunazitaka yadi kumi.

Nikapanda juu ya benchi. "Chukua, mwanangu! Za bure hizo! Chukua!"

Mwanangu Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, au Kizulu akitaka kuniudhi. Alinitazama, kisha akamtikisia refa kichwa: hapana.

"Eish! Nimezaa mgawa zawadi!"

"Kaa chini, mama," Mkenya akasema. "Angechukua, wangerudia la tatu. Sasa wamebakiwa na moja tu."

Nikapiga hesabu mara mbili. Kweli. Nikabadili dini palepale: kumbe mjanja hukataa.

Jaribio la nne, mrushaji wao akakimbizwa, akavuka mstari walioanzia, ndipo akaurusha mbele. Mwenzake akaudaka mwisho wa uwanja, wakaanza kucheza ngoma. Lakini kitambaa kilikuwa chini, maana ukishavuka mstari ule huruhusiwi kurusha mbele. Refa akamwendea tena mwanangu.

Nami, mwanafunzi hodari, juu ya benchi tena. "Kataa! Kataa!"

Mkenya akanivuta kitenge. "Shuka, mama! Kosa hili linakula yadi tano na jaribio lenyewe, halirudiwi. Akikataa, pointi zao zinahesabiwa!"

Safari hii mwanangu hakunitazama hata kidogo. Alikubali adhabu. Majaribio yao yakaisha, mpira ukawa wetu, na ushindi pia.

Kocha akaja kumthibitisha unahodha mbele yangu. Kisha akauliza, kwa adabu, mama alikuwa anapaza sauti kusema nini.

"Alikuwa anasali," mwanangu akajibu kwa Kiingereza, macho makavu.

Kocha akanishika mikono yote miwili, akaniomba nije kusali kila mechi. Nikasema nitakuja, bila hata kuvutana bei.

Mwanangu akaniinamia sikioni, kwa Kiswahili safi, ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu Krismasi: "Mama, Mungu anasikia hata ukiwa Joubert Park."